Taa ya Diski Ingali Inapepesa

Jambo la kwanza alilofanya fundi yule wa Kibwezi ni kukunja mikono.

Mwalimu alikuwa ametoka Ikutha kwa matatu ya alfajiri, akavuka Mto Athi na kompyuta yake ya kupakata imeviringishwa ndani ya leso mbili kama mtoto mchanga. Jioni iliyotangulia stima ilipotea katikati ya apdeti, na betri kuukuu ikahimili dakika chache tu. Stima iliporudi, mashine haikuonyesha kingine ila vidoti vinavyozunguka na maneno ya kusema kwamba inarudisha mambo yalivyokuwa, mwenyewe asizime. Kijana wa saiba ya kwao alimshauri akandamize kitufe cha kuzimia huku akihesabu hadi kumi. Mwalimu akaogopa. Badala yake akachomoa chaja, akaenda kulala, akaiacha ijifie yenyewe.

“Mwaitu,” fundi akamwambia huku akicheka, kwa lile neno ambalo Mkamba humwitia mama yake na kila mama wa rika hilo, “huko nako ni kubonyeza kitufe, ila kwa upole.”

Akachomeka chaja, akawasha. Maneno yale yale yakarudi. Ndipo alipokunja mikono, akainama hadi shavu likawa usawa wa meza, akatazama kitaa kidogo kilicho chini ya skrini, kile chenye alama ya kopo. Kilikuwa kinapepesa, si kwa mpigo sawa bali ovyo ovyo, kama mtu anayetafuna na kuongea kwa pamoja.

“Inafanya kazi,” alisema. “Tuiache.”

Tuliiacha saa moja na dakika arobaini. Mimi nilikuwa nimeingia kununua kichwa cha chaja tu, nikiwa safarini kutoka Kitui, na ninakiri kwamba baada ya dakika ishirini ningekuwa nimekwisha kubonyeza. Watu wengi wangebonyeza. Mafundi wengi pia, kwa sababu mteja amesimama mbele yao na kutofanya kitu hakuonekani kuwa kazi. Lakini apdeti ikifeli haiachi vitu palepale vilipoangukia. Windows hupanga vipande vipya pembeni kwanza, huandika orodha ya kitakachobadilishwa, kisha wakati wa kuwaka upya ndipo hutoa cha zamani na kuweka kipya. Ikikwama, hurudi kinyumenyume kwa orodha ile ile. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, safari hiyo ya kurudi inaweza kula saa nzima na zaidi, na anayeikata katikati ni kama aliyeikata kamba mtu akiwa bado nusu ya kisima. Kutazama taa ile ndiko kulikokuwa kazi.

Duka lake ni chumba kimoja cha mabati, hatua chache kutoka barabara kuu ya Mombasa, malori yakipita ukuta unatetemeka. Kibwezi ni mji wa joto, wa mibuyu na mashamba ya katani, na tangu barabara ya Mutomo hadi Kitui itiwe lami, wateja wake huja kutoka kaunti za pande zote mbili za mto. Mtu wa Ikutha humwona yeye karibu kuliko fundi wa Kitui mjini. Alianza na redio. Miaka hiyo, anasema, Ukambani nzima ilikuwa na kaseti za Kakai Kilonzo, na redio kaseti ilipomeza utepe ililetwa kwake. Kutoka redio akaingia televisheni, kutoka televisheni akaingia kompyuta, wala hakuwahi kubadilisha kiti.

Nataja redio kwa sababu ndizo zilizomfundisha asiguse kabla ya kupima. Fundi wa redio anayechomoa transista kwa kubahatisha huishia na redio yenye makosa mawili: lile lililoletwa na lile alilolitia. Kwenye kompyuta kubahatisha huku kuna jina lake maarufu, “kupiga Windows”: futa kila kitu, weka mfumo upya, toza pesa, mteja mwingine. Hakuna mji wa Ukambani usio na kijana anayeweza kupiga Windows kwa dakika arobaini, na siwalaumu, kwani mara nyingine ndiyo dawa pekee. Ila fundi huyu huiita “mazishi”. Akiambiwa mashine ya jirani imepigwa Windows, huuliza: “Marehemu aliugua nini?” Kwa kawaida hakuna ajuaye.

Taa ilipotulia na picha ya mezani ikatokea, Mwalimu aliinuka kitini. Fundi akamwashiria aketi. Kabla ya kutafuta ugonjwa alifanya mambo mawili.

Kwanza alisoma hali ya diski. Diski hujiwekea hesabu ya majeraha yake, idadi ya sehemu zilizokufa na zilizohamishwa, na programu ndogo ya bure huisoma hesabu hiyo kwa sekunde chache. Diski inayokufa hairekebishwi mfumo, kwa maana kuilazimisha kusoma na kuandika faili maelfu ni kuiharakisha kaburini. Ya Mwalimu ilikuwa nzima kwa umri wake. Pili alichomeka diski ya nje, akanakili kila kilicho chake: hesabu za chama cha akina mama ambacho yeye ni mweka hazina, mitihani ya miaka sita, video ya mazishi ya mama mkwe, picha za hati ya shamba. Nusu saa nyingine ikaenda. Nilimuuliza kama hilo ni lazima hata kwa mashine iliyokwisha kuwaka. Akanikumbusha Oktoba 2018. Microsoft ilitoa apdeti kubwa ya Windows 10 tarehe 2 mwezi huo, na baada ya siku chache ikaisitisha, kwa sababu baadhi ya watu walikuta folda zao za nyaraka zimefutwa. Waliohamisha folda hizo kutoka mahali pake pa kawaida ndio walioumia: apdeti iliiona ile ya zamani kuwa nakala isiyo na kazi, ikaisafisha pamoja na vilivyokuwa ndani. Toleo lililorekebishwa lilikuja Novemba. “Hapo apdeti haikufeli,” alisema. “Ilifaulu.”

Kisha akamuuliza Mwalimu maswali matatu, polepole, kama daktari wa zamani. Stima ilipotea mara ngapi? Ulipakua kwa mtandao wa wapi? Nani mwingine anaitumia? Kwa swali la tatu Mwalimu alisita. Mwanawe, anayesoma Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kwa Vonza, hurudi nyumbani likizo.

Namba ya hitilafu ilikuwa 0x80070070. Kwa wengi wetu hiyo ni kelele tu. Yeye alichukua kalamu akaichambua pembezoni mwa gazeti, na nilivyomwona akiichambua ndivyo nilivyoanza kuelewa kwa nini watu huvuka mto kumfuata. Ile 8 ya mwanzo inasema tu kwamba jambo limeshindikana. Ile 7 inayofuata baada ya sifuri mbili inasema habari imetoka kwenye orodha kongwe ya makosa ya Windows yenyewe. Tarakimu nne za mwisho ndizo zenye neno, lakini zimeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita badala ya kumi. Saba mara kumi na sita ni 112. Na kosa la 112 kwenye orodha ile ni fupi: diski imejaa.

Basi. Herufi zote zile za kutisha, na tafsiri yake ni kwamba ghala limejaa, gunia moja zaidi haliingii.

Namba kama hizi anazo nyingi kichwani. Inayoishia na 0002 ni faili halikuonekana. Inayoishia na 0005 ni umekatazwa kuingia. 0x80072EE2 ndiyo anayoipenda, kwa sababu ndiyo ya kwao: 2EE2 ikigeuzwa ni 12002, yaani jibu la mtandao lilingojewa mpaka muda ukaisha. Mtu wa Ikutha anayepakua apdeti kwa bandali ya simu, simu ikiwa imening'inizwa dirishani kuutafuta mnara, hahitaji kutafsiriwa. Inayoanza na C1900101 humfanya aulize juu ya printa na draiva. Zote zimo kwenye daftari la shule la kurasa 200, lililoanza maisha yake kama daftari la redio. Ukurasa mmoja una AC128 na transista za kubadilishana nayo, ukurasa unaofuata ni namba za Windows, na mwandiko ni ule ule.

Lakini namba hudanganya pia, na hapa ndipo sanaa yake inapomzidi mtu mwenye daftari tu. Tarehe 9 Januari 2024 ilitoka apdeti ya usalama ya Windows 10, KB5034441, ikaanza kufeli kwenye kompyuta za nyumbani duniani kote kwa namba 0x80070643. Ukiigeuza unapata 1603, ambayo maana yake ni kosa baya wakati wa kusakinisha, yaani haina maana yoyote. Watu walisafisha, wakapakua tena, wakapiga Windows, wapi. Ukweli ulikuwa mahali ambapo hakuna anayetazama. Diski ina patishini iliyofichwa, ile inayobeba zana za kuiokoa mashine ikishindwa kuwaka, na apdeti ile ilikuwa inaziba tundu la usalama humo ndani. Ilihitaji nafasi ya MB 250 huko, na kompyuta nyingi zilikuwa zimetengewa patishini finyu tangu kiwandani. Diski inaweza kuwa na GB 400 tupu na bado ikafeli. Namba haikusema “pamejaa”, ilisema tu “vibaya”. Microsoft ilitoa maelekezo ya kupanua patishini hiyo kwa mkono: zima zana za uokoaji, mega MB 250 kutoka sehemu kuu, futa patishini ndogo, iunde upya, washa zana tena. Kosea mstari mmoja, umefuta kisichofaa. Fundi alizifanya mashine kadhaa miezi ile, na kila moja aliifanya akisoma mstari kwa sauti kabla ya kubonyeza, mteja akisikiliza.

Turudi kwa Mwalimu. Diski yake ilikuwa na nafasi ya GB 3, na apdeti kubwa hutaka GB 20 hivi. Folda moja iliyojaa filamu ilikuwa imekalia GB 180. Ningeifuta papo hapo. Yeye alichukua simu ya Mwalimu, akampigia kijana wa Kwa Vonza, wakasalimiana, “Wacha?” “Aa,” akamuuliza kwa heshima zote zipi anazihitaji. Zilizobaki zikahamishwa kwenye diski ya nje, hazikufutwa. Nimemwona akifanya hivyo kwa kila kitu. Folda ambamo Windows hulimbikiza apdeti ilizopakua ni mahali pa kwanza pa kusafisha zikiharibika, na mafundi huifuta. Yeye husimamisha huduma ya apdeti, halafu huibadilisha jina, huitia neno “zamani” mwishoni. Windows isipoiona hujiundia nyingine. Ya zamani hukaa pale mpaka kila kitu kithibitike, na ndipo huiondoa. Fundi anayebadilisha jina badala ya kufuta ameacha mlango wa kurudia.

Alianzisha apdeti tena. Tukanywa chai. Ikafeli.

Mwalimu alishika kichwa. Fundi, naapa, alifurahi. Namba ilikuwa nyingine, 0x80073712, na kwake namba mpya ni habari njema: ugonjwa wa kwanza umekwisha, wa pili umejitokeza. Huu wa pili ni ghala la vipande vyenyewe. Stima ilipokatika, baadhi ya vipande viliandikwa nusu.

Hapo akafungua faili la kumbukumbu ambamo mashine huandika kila hatua yake, mistari maelfu kwa maelfu, na akaanza kusoma kutoka chini. Nilidhani anatafuta kosa la mwisho. Hapana, kosa la mwisho ni kilio tu. Alilifuata kosa lile kwenda juu, kwa saa na dakika zilizoandikwa ubavuni, kama wazee wanaosikiliza kesi ya mpaka wa shamba: huyu alihamisha jiwe kwa sababu yule alikata mti, yule alikata mti kwa sababu babu hakuonyesha mkondo. Wanarudi nyuma mpaka wamfikie aliyeanza. Mstari alioutafuta ulikuwa wa jioni iliyotangulia, saa ambayo Mwalimu alisema stima ilipotea. Akamgeuzia skrini amwonyeshe. Mwalimu akavaa miwani, akasoma saa, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa jina lake kwenye gazeti.

Dawa ya ghala lililoharibika ina mpangilio wake, na wengi huupindua. Iko zana ya SFC, inayokagua faili za mfumo na kubadilisha mbovu kwa nzima kutoka ghalani. Ghala likiwa bovu, itaazima nini? Kwa hiyo DISM kwanza, ambayo hulitibu ghala lenyewe kwa vipande vizima, kisha SFC. DISM kwa kawaida huvichota vipande hivyo kwenye intaneti. Kwa bandali ya Kibwezi hiyo ni hasara, tena mtandao ukikatika ni yale yale ya 12002. Fundi ana flashi zenye matoleo kamili ya Windows, kila moja imebandikwa plasta yenye namba ya toleo, na huiambia DISM ichukue humo, isitoke nje. Toleo lisipolingana na la mashine, DISM hukataa. Ndiyo maana ya zile plasta.

Ilipanda hadi asilimia 62.3, ikasimama. Fundi hakuitazama hata. Alifungua kifuniko cha chini cha mashine nyingine akaanza kuifuta feni kwa brashi ya rangi. Vumbi jekundu la Ukambani hujaa kwenye feni, joto likapanda, mashine ikajizima yenyewe kuepuka kuungua, na ikijizima katikati ya apdeti mteja husema apdeti ni mbaya. “Nusu ya apdeti nazotibu,” alisema akipuliza, “natibu kwa brashi.” Asilimia ikaruka hadi 100.

Kilomita mia moja na ushei kutoka hapo, kwenye barabara hiyo hiyo ya Mombasa, ndiko Malili, ekari 5,000 za mji wa teknolojia wa Konza ambao Rais Kibaki aliuzindua Januari 2013. Nilimuuliza kama amewahi kufika. Amepita kwa basi. Kinachomshughulisha zaidi ni tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Mashine nyingi anazoletewa ni hizi tunazoziita ex-UK, kompyuta ambazo ofisi za ng'ambo zimezichoka zikaletwa kwa makontena, na Windows 11 inazikataa: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo si za zamani sana. Microsoft iliongeza mwaka mmoja wa apdeti za usalama kwa anayejiandikisha. Kwa wengine huweka Linux Mint, akiwaonya kwamba hiyo nayo stima ikipotea katikati ya apdeti huacha vifurushi nusu, ila amri yake ya kuvimalizia ni fupi na haina kiburi. Si wote wanaokubali. Wateja wa saiba wanataka mwonekano ule ule waliouzoea.

SFC ilimaliza, ikasema imepata mbovu na imezitengeneza. Apdeti ikaanzishwa mara ya tatu. Sasa alitoa betri nyingine kutoka droo, nzima, akaipachika kabla ya kuanza. “Ya kuazima,” akasema, “hii safari haifanywi bila maji.” Ilipita asilimia 30, mahali ilipokuwa ikiangukia. Mashine ikajiwasha upya mara mbili. Malori yakapita. Saa kumi na dakika chache picha ya mezani ilirudi, na historia ya apdeti ikaonyesha kwamba imefaulu.

Alitoza shilingi 700. Mwalimu akatuma kwa M-Pesa, akaongeza mia ya chai, akarudishiwa mia. Betri ya kuazima ikatolewa, na fundi akamwandikia kwenye karatasi aina ya kununua na nafasi ya diski asiyopaswa kuruhusu ipungue. Kwenye daftari akaandika tarehe, Ikutha, namba mbili, na maneno manne: “Imejaa. Kisha stima. Ghala.”

Matatu ya mwisho ya kwenda Mutomo ilikuwa inapiga honi barabarani. Mwalimu akakunjua leso.

“Izime wewe mwenyewe,” fundi akamwambia.

Mwalimu akatafuta mahali pa kuzimia kwenye skrini, akabofya. Skrini ikawa nyeusi. Akaanza kukunja kifuniko, kisha akasita, akainama mpaka shavu likawa usawa wa meza. Taa ilikuwa ingali inapepesa. Kondakta akapiga honi tena. Mwalimu akainua kiganja upande wa mlango, bila kugeuka, akaendelea kuitazama.